Ufuo tulioandika kwamba umekufa: kisa cha minyoo wa mchangani, chekeche na mtaro mmoja

Usuli

Kisa hiki ni cha ufuo mmoja wa mchanga hapa pwani ya Afrika Mashariki. Jina la mahali nimeliondoa, la taasisi pia, na watu wote nimewaacha bila majina. Mie nilikuwemo kwenye ile timu toka siku ya kwanza kwahiyo makosa nitakayoyasema hapa ni yetu, na nayaandika kwa sababu nimeshaona timu nyingine mbili zinaenda kuyarudia hivihivi.

Ufuo wenyewe ni mpana, maji yakitoka siku ya bamvua unatembea mpaka unachoka kabla hujafika yalipo. Akina mama wanachokoa kombe, wale wanyama wa magamba mawili, vijana wanachimba chambo, na msimu wa kaskazi wanakuja vitwitwi kutoka huko Siberia wanadonoadonoa mchanga kutwa nzima. Katikati ya ufuo kuna mtaro wa saruji unaoshusha maji ya mvua ya mtaani. Ila ule mtaro ulikuwa unatiririka hata kiangazi, wiki ya tatu hakuna mvua na maji yanakuja tu, ya kijivu, na harufu unaijua. Kamati ya ufuo ikauliza swali moja: huu mtaro unaua pwani yetu au hauui? Pesa ilikuwepo kidogo, ya safari mbili.

Tukaamua kulijibu kwa kuhesabu minyoo wa mchangani. Sasa kwa nini minyoo? Maana mtu akisikia minyoo anawaza ya tumboni. Wa mchangani ni wengine kabisa, wengi wao ni kundi linaloitwa polikaeta, mwili wa pingili pingili na kila pingili ina vinywele vyake pembeni. Wako wengi kuliko unavyodhani na kila mmoja ana kazi yake. Yupo Diopatra anayejenga mrija halafu anaubandika vipande vya kombe na majani ya bahari, ukipita unadhani ni takataka imesimama. Wako wa familia ya Spionidae, wana mikono miwili mirefu kama nyuzi kichwani wanaokotea chembe za chakula. Yupo Glycera, huyu ni mwindaji, akishtuka anarusha koo lake lote nje na pale mwisho kuna meno manne meusi yenye madini ya shaba ndani yake, ukimshika vibaya anauma kweli.

Kubwa zaidi ni kwamba hawahamihami. Samaki maji yakichafuka anaondoka, mnyoo anabaki palepale anapokea kila kinachokuja, kwahiyo ukijua nani anaishi mchangani unajua mchanga umepitia nini miezi iliyopita. Halafu mashimo yao ndiyo yanayopeleka maji yenye oksijeni chini. Kata mchanga kwa jembe uangalie ule ukuta, utaona weusi umetanda na katikati ya weusi kuna mstari wa rangi ya kutu, ile ndiyo njia ya mnyoo, hewa imepita pale chuma cha mchangani kikapata kutu. Pasipo na minyoo wa kuchimba weusi unapanda mpaka karibu na juu na unanuka yai viza.

Safari ya kwanza

Tulienda mwezi wa pili, siku ya Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo gari lilipatikana. Hakuna aliyeangalia mwezi. Kumbe ilikuwa maji mafu.

Kwa msiokaa pwani nieleze kidogo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, huku kwetu maji yanakauka kama saa nne asubuhi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita tatu na nusu hadi nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanapungua kidogo tu, na kupwa kwenyewe kunaangukia alasiri kuelekea jioni. Sisi tulifika tukakuta nusu ya chini ya ufuo, ambayo ndiyo yenye wanyama wengi, iko chini ya maji na haina mpango wa kutoka. Tukajadili pale dakika chache tukaamua tuchukue tu sehemu iliyo wazi, gari limeshalipiwa, turudi lini tena.

Hapo hapo tukafanya maamuzi mengine matatu ambayo siku ile yalionekana madogo. Chekeche tulilobeba lilikuwa la tundu za milimita 1 kwa sababu ndilo lililokuwepo stoo, na kwa kweli linapitisha mchanga haraka. Bomba la kuchotea mchanga tulizamisha sentimita 10 tu maana maji yalikuwa yanajaa shimoni. Na fomalini, dawa ya kuhifadhia wanyama wasioze, hatukubeba, tuliogopa kuisafirisha kwenye gari la abiria, tukatia minyoo kwenye spiriti moja kwa moja na kuandika lebo kwa maka pen juu ya chupa.

Wakati tunachekecha akaja bibi mmoja na ndoo yake ya kombe. Tukamwamkia, akauliza mnatafuta nini wanangu, tukamwambia minyoo bibi, tunataka kujua kama mtaro unaleta madhara. Hakucheka. Alituchukua mpaka mbele ya mtaro akachomeka kidole mchangani kikaingia pingili moja, akakitoa kimekuwa cheusi, akatunusisha. Akasema, "Hapa kombe walikuwa wakijaa ndoo kabla jua halijawa kali. Toka mtaro uanze kunuka nakuja kuokota magamba. Mchanga umeoza, nyie mnachekecha nini?" Tukamshukuru. Hatukuandika neno hata moja la aliyosema, wala hatukupima weusi unaanzia wapi, fomu yetu haikuwa na nafasi ya kitu kama hicho.

Ripoti iliyotoka

Maabara mambo yakaharibika zaidi. Spiriti ilikuwa imefuta maka pen kwenye chupa mbili, hizo zikatupwa. Minyoo waliotiwa spiriti wakiwa hai walijikunja wakakatika vipande, na aliyehesabu alihesabu kila kipande kama mnyoo. Chupa moja iliandikwa 31, tulipokuja kuirudia baadaye vichwa vilikuwa 9.

Halafu kuna hesabu ya mita mraba. Bomba la inchi nne ni duara la sentimita 10 hivi, eneo lake ni kama sentimita mraba 78, kwahiyo ukitaka kusema kwa mita mraba unazidisha kwa 127. Mnyoo mmoja aliyeingia kwa bahati anakuwa minyoo 127 kwenye jedwali, na mabomba yenyewe yalikuwa 12 tu, sita mbele ya mtaro na sita mbali. Jedwali lilikuwa na namba kubwa kubwa za kupendeza na chini yake hakuna kitu.

Hitimisho likawa hivi: ufuo mzima una uhai hafifu na hakuna tofauti kati ya mbele ya mtaro na mbali. Sentensi ile ikasomwa kwenye kikao. Upande uliokuwa unatetea mtaro uliishika kwa mikono miwili, wakasema wataalamu wenyewe wamethibitisha mtaro hauna neno, na kwamba ufuo wenyewe ulikuwa hauna kitu toka zamani. Akina mama wa kombe walikuwa wamekaa nyuma ya chumba. Ile siku naikumbuka mpaka leo kwa sababu tulikaa kimya, kila mtu kwenye timu alikuwa na shaka na hakuna aliyenyanyua mkono.

Safari ya pili na kwa nini tulibadilisha

Pesa ya safari ya pili ilikuwa bado ipo. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisomea mambo haya alitukalisha chini akauliza swali rahisi: mnyoo mwembamba chini ya milimita moja kwenye chekeche la milimita moja anabaki juu au anapita? Anapita. Basi kile tulichokiita ufuo mtupu kilikuwa ni ufuo tuliouchekecha kwa tundu kubwa. Tulikaa siku mbili kupanga upya.

Tulienda mwezi wa kumi, bamvua, tuko mchangani saa mbili na nusu asubuhi tunayafuata maji yanavyotoka. Tukaweka mistari mitatu kutoka juu mpaka chini, mmoja mita 20 kutoka mdomo wa mtaro, wa pili mita 150, wa tatu mita 600. Kila mstari vituo vitano, kila kituo mabomba manne, jumla 60, na kina sentimita 20. Tulipandanisha machekeche mawili, la milimita 1 juu na la nusu milimita chini, na kila kilichobaki kwenye kila moja tukakiweka chupa yake. Huu ndio uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya na nitaurudia huko chini.

Minyoo tuliwalaza kwanza kwa magnesiamu kloraidi, gramu 75 hivi kwenye lita ya maji matamu, wanalegea wananyooka hawakatiki. Ndipo tukatia fomalini, sehemu moja ya ile ya dukani kwa tisa za maji ya bahari, na rangi kidogo ya rose bengal inayowafanya wawe waridi uwaone kwenye mchanga. Fomalini ni sumu, tulivaa glavu tukakaa upande upepo unakotoka, na baada ya siku chache tukawaosha na kuwahamishia kwenye spiriti ya asilimia 70. Lebo ziliandikwa kwa penseli kwenye karatasi ngumu ikaingia NDANI ya chupa. Na safari hii kila kituo kilikuwa na shimo la jembe tunapima weusi unaanzia kina gani, na mfuko wa mchanga wa kupima ukubwa wa chembe. Bibi tulimtafuta akaja, akatuonyesha mpaka wa harufu unapoishia kwa miguu yake, tukauchora.

Furaha ya wiki moja

Hapa ndipo kisa kinapotaka umakini. Tulipoanza kuhesabu chupa za chekeche dogo za mbele ya mtaro tulishtuka, minyoo ni wengi ajabu, wembamba wekundu kama nyuzi za kushonea, chupa moja inakula asubuhi nzima. Mstari wa mbali kabisa walikuwa wachache. Mtu akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba jamani pwani imepona, mbele ya mtaro ndiko kuna uhai kuliko kote, na mwingine akaanza kuandika rasimu kwa kichwa hicho hicho. Nami nilifurahi. Miezi minane nilikuwa na ile aibu ya kikao kwahiyo habari njema yoyote ilikuwa inanifaa.

Aliyetuzuia ni yuleyule mwenzetu wa chekeche. Alisema kabla hamjatuma chochote chukueni mmoja mmoja chini ya hadubini mniambie ni nani. Tukakaa. Mwekundu wa kwanza: hana macho makubwa, hana mikono kichwani, hana miguu ya kuonekana, ukimwangalia haraka ni nyungunyungu wa shambani aliyenyauka. Ukihesabu pingili za kifua kutoka mdomoni ni tisa. Dume lina miiba ya uzazi mgongoni kwenye pingili ya nane na ya tisa. Ni Capitella. Wa pili Capitella. Wa hamsini Capitella. Chupa nzima ile ni mnyoo wa jina moja, ukitoa wachache wa aina mbili nyingine.

Mstari wa mita 600 ulikuwa na minyoo wachache kwa idadi lakini aina zilizidi kumi. Diopatra wapo, Glycera yupo, Spionidae, na Owenia anayejifunika mrija wa chembe za mchanga zilizopangwa kama magamba ya samaki. Mchanga wake unakuwa mweusi chini kabisa, kiganja kizima kinaingia kabla hujafika. Mbele ya mtaro weusi ulianzia sentimita 2.

Capitella anajulikana duniani kwa hili. Mwaka 1969 tishari la mafuta lilikwama West Falmouth huko Massachusetts, Marekani, mafuta yakaua karibu kila kitu kwenye matope ya pwani, na aliyelipuka kwa wingi baada ya hapo alikuwa Capitella. Anastahimili uhaba wa oksijeni, anazaa upesi, wenziwe wakifa anapata nafasi na chakula. Mwaka 1978 watafiti Pearson na Rosenberg walipanga mfuatano wote: uchafu unaooza, kama wa vyoo, ukizidi, aina zinapungua, halafu wachache wavumilivu wanajaa kupita kiasi, na ukizidi zaidi hata hao wanatoweka. Sisi tulikuwa tunaangalia ile hatua ya kujaa kupita kiasi tukaiita kupona. Na tuliandika Capitella tu bila jina la pili, kwa sababu mwaka 1976 watafiti Grassle na Grassle walionyesha kwamba yule aliyekuwa akiitwa Capitella capitata ni spishi sita au zaidi zinazofanana kwa macho, kwahiyo kumpa jina kamili kwa kumtazama tu ingekuwa ni kubahatisha.

Matokeo

Tuliandika barua ya kuiondoa ripoti ya kwanza. Haikuwa rahisi, mkubwa wetu mmoja alitaka tuseme tu kwamba "tumeongeza taarifa", lakini tulikubaliana tuseme wazi kwamba ile ya kwanza haiwezi kutumika kwa uamuzi wowote na tueleze sababu moja moja. Kikao kiliitwa tena. Safari hii hatukupeleka jedwali kwanza, tulipeleka mabeseni mawili ya mchanga uliochimbwa asubuhi ile, la mtaroni na la mita 600, watu wakasogea wakanusa wenyewe. Bibi alizungumza kabla yetu.

Mamlaka husika walifungua mifuniko ya mtaro wakakuta mabomba ya vyoo yameunganishwa humo. Baadhi yalikatwa, mengine bado yanabishaniwa. Mpaka hapo ndipo kazi ya minyoo ilipofika.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Nianze na yale machekeche mawili. Swali la kwanza tulilotupiwa kikaoni lilikuwa: mtajuaje kama tofauti na ripoti ya kwanza si msimu tu, mwezi wa pili ni kaskazi, wa kumi kusi imetoka kuchafua mchanga? Swali zuri sana na ni kweli safari zile mbili haziwezi kulinganishwa, tulibadilisha msimu, maji, kina na chekeche vyote kwa pamoja. Lakini kwa kuwa tulihifadhi chekeche kubwa peke yake na dogo peke yake, tuliweza kuchukua chupa za milimita 1 za mwezi wa kumi zikiwa peke yake, na zilionyesha nini? Minyoo wachache mbele ya mtaro, wachache mbali, karibu picha ileile ya ripoti ya kwanza. Capitella karibu wote walikuwa kwenye chupa za chini. Siku moja, mchanga mmoja, msimu mmoja, majibu mawili, na kilichotofautiana ni tundu tu. Hapo hata waliokuwa wabishi walinyamaza. Kama tungebeba chekeche dogo peke yake tungekuwa na neno letu dhidi ya neno letu.

Kilichoshindwa vibaya kwangu ni kumwacha bibi nje ya fomu. Kidole chake siku ya kwanza kilipima kina cha weusi, kipimo ambacho tulirudi kukifanya miezi minane baadaye na kikawa ushahidi wenye nguvu kuliko hesabu nyingine yoyote. Tulikuwa tunatafuta minyoo kwa hiyo mtu akitupa harufu na kombe tunaona ametoka nje ya mada, wakati kombe, weusi na minyoo ni habari moja.

Kwenda maji mafu, hili halina la kutetea, kalenda ya mwezi iko kwenye kila ukuta pwani. Ila naelewa lilivyotokea na litamtokea mwingine, mradi unapangwa ofisini kwa siku za wiki na bahari haina Jumatano.

Mstari wa mita 600 kama kilinganisho nao una kasoro na tuliisema. Ni mmoja. Chembe za mchanga pale zilikuwa kubwa kidogo kuliko za mtaroni, na minyoo wanachagua mchanga, kwahiyo sehemu ya tofauti inaweza kuwa ni chembe zenyewe. Tungekuwa na vilinganisho viwili au vitatu pande zote mbili za mtaro tungelala vizuri. Kilichotuokoa ni mstari wa katikati, wa mita 150, ulikuwa na mchanga laini uleule wa mtaroni lakini aina zilikuwa nyingi zaidi na Capitella wamepungua.

Jambo la kuhesabu bila kutambua nadhani ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu linakupa jibu la kinyume. Kosa la chekeche lilituficha ukweli, hili la pili lilikuwa linatupa uongo mzuri wenye namba kubwa. Kama huna mtu wa kutambua mpaka spishi, tambua mpaka familia, inatosha kabisa kwa swali kama la mtaro, na piga picha utume kwa anayejua.

Na kuhusu kupona, kamati waliuliza miaka mingapi. Hatukuwapa namba. Tuliwaambia kisa cha Balgzand, Uholanzi, ambako mashine zilichimba minyoo wa chambo miaka minne kwenye eneo la kilomita mraba 1: wanyama wa maisha mafupi wengi hawakutetereka sana, lakini kombe wakubwa wa pale, Mya arenaria, waliokuwa nusu ya uzito wote wa viumbe wa mchangani, karibu waishe kabisa, na kurudi kwao kulichukua miaka kadhaa. Hapa kwetu tatizo ni uchafu na si mashine, ila mpangilio tunautegemea uwe huohuo, wadogo kwanza na kombe wa akina mama mwisho.

Mara ya mwisho nimeenda ilikuwa bamvua ya miezi saba baada ya mabomba ya kwanza kukatwa. Mstari wa mita 20, kituo cha chini kabisa, kulikuwa na mrija mmoja wa Diopatra umesimama, vipande vya kombe vimebandikwa vizuri. Weusi ulianzia sentimita 4. Bibi alichomeka kidole, akanusa, akasema bado.